Namba Nane wa Biliqo

Wenzangu mnaobaki studioni mliniomba niwaandikie jinsi ya kuendesha kipindi cha mashabiki, mkasema kurasa mbili zitatosha. Hazitoshi. Nitajaribu kutowachosha, na mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka, kwa sababu ya vyeo ni mafupi na ya mishahara ni mafupi zaidi.

Niliingia redioni kusoma matangazo ya vifo na bei za mifugo. Hayo ndiyo matangazo mawili ambayo Isiolo nzima huyasikiliza ikiwa imenyamaza. Ukikosea jina la marehemu, jamaa zake wanakuja mlangoni. Ukikosea bei ya ndume soko la Oldonyiro, wanakuja wengi zaidi. Kazi hiyo ilinifundisha kusoma polepole na kutojifanya najua. Michezo sikuiomba. Aliyekuwa akiitangaza alihamia Nairobi bila kuaga, na meneja alipochungulia chumbani akitafuta mtu, mimi peke yangu sikuwa na kikombe cha chai mkononi.

Sikuwa nimewahi kutazama mechi nzima maishani. Nyumbani kwetu, Wameru wa kulima, baba alikuwa akifungua redio wakati wa habari na kuifunga kabla michezo haijaanza, ili kuokoa betri. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza niliingia studioni na swali moja: kwa nini yule mmoja anaruhusiwa kushika mpira na wengine wanakatazwa? Nilimwuliza Fundi Abdi, mtu wa mitambo, ambaye alikuwa pale tangu kituo kifunguliwe. Hakucheka. Alichora uwanja kwa kidole kwenye vumbi la meza, akaweka vifuniko vya chupa vikawa wachezaji, na kabla ya saa ya kipindi kufika nilikuwa naelewa kuotea. Mpaka leo nikisikia neno hilo naona kifuniko cha soda kimesimama peke yake mbele ya wenzake.

Studio nyinyi mnaijua ilivyo sasa, ina kiyoyozi na kiti kinachozunguka. Ile yetu ilikuwa chumba cha bati ambacho kuta zake zilibandikwa trei za mayai, na mlangoni pakaning'inizwa blanketi zito ili kuzuia mlio wa pikipiki. Feni tuliizima kila tulipoingia hewani kwa sababu ilinguruma. Mbuzi hatukuweza kuwazima. Wasikilizaji walizoea, na wakati mmoja mbuzi walipokosekana wiki nzima, mtu alipiga simu kutoka Merti kuuliza kama tumehama.

Abdi alinifundisha kifaa kimoja tu kwa makini, kile kitufe kirefu cha kupandisha na kuteremsha sauti ya mpiga simu. "Mdomo yako inaongea na mtu," aliniambia, "lakini kidole yako haimwamini. Usitoe kidole hapo hata ukipiga chafya." Hatukuwa na mtambo wa kuchelewesha matangazo. Neno likitoka kinywani mwa mtu wa Garba Tulla, lilifika Merti papo hapo, likiwa bado moto. Kilichosimama kati ya mdomo mmoja na masikio yote hayo kilikuwa kidole changu cha shahada. Kimepinda kidogo sasa, na daktari anasema ni baridi yabisi.

Kabla sijasahau, salamu. Mtangazaji mgeni kutoka nje ya kaunti hupata shida hapa kuliko popote. Mtu akipiga simu kutoka kwa wafugaji hawezi kuanza na mpira. Atakuuliza kama kuna amani, kama mifugo wako salama, kama watoto wako salama, kama mvua imenyesha huko mliko, kama watu wako wote wako salama, na wewe utajibu kila swali kwa salama, hata kama asubuhi hiyo umeibiwa. Ndipo atamtukana kocha. Meneja mmoja alitaka nizikate salamu kwa sababu zinakula muda wa matangazo ya biashara. Nilizikata Jumamosi moja. Jumamosi iliyofuata simu za Merti yote hazikuja, na mwenye duka la dawa za mifugo aliyekuwa akilipia tangazo aliuliza wateja wake wamekwenda wapi. Salamu zikarudi. Nawashauri msiguse kitu hicho.

Niliendesha kipindi hicho kila Jumamosi alasiri kwa miaka mingi. Nilianza nikiitwa dada, nikawa mama, na mwaka wangu wa mwisho kijana mmoja wa mjini aliniita shosho, hewani, kwa heshima kabisa. Katika miaka yote hiyo nimejifunza kwamba mashabiki hawazozani sana juu ya mechi. Mechi huisha, aliyefungwa amefungwa. Wanazozana juu ya uteuzi. Nani aitwe timu ya taifa, nani aachwe, nani alikula nini na kocha. Kila kocha wa taifa aliyekuja alipewa ushauri wa bure kutoka kaunti yetu kila Jumamosi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutusikia, kwa sababu masafa yetu hayavuki Timau.

Mngedhani basi hakuna hatari. Shida ni kwamba hapa kwetu jina ni ramani. Ukitaja jina la mchezaji, umeshasema anatoka upande gani wa kaunti, anasali wapi, na babu yake aligombania kisima na babu ya nani. Mtu anaanza kwa kusema fulani hana pumzi, na mwenzake anasikia kwamba ukoo mzima hauna pumzi. Mwaka mmoja, wakati mambo ya wizi wa mifugo yalikuwa mabaya, mpiga simu alisema mchezaji fulani anacheza kama jamaa zake wanavyoiba, kwa kujificha. Nilishusha kitufe, lakini nilichelewa. Kipindi hakikuwa kimeisha, mawe yakawa yanalia juu ya bati. Fundi Abdi aliinua macho, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hiyo ni ya kona," kisha akaweka muziki.

Meneja alitaka kukifunga kipindi. Abdi ndiye aliyekiokoa, na sheria aliyoleta mmeikuta, ingawa sina hakika mlielezwa ilikotoka. Tangu siku ile hakuna mchezaji anayetajwa kwa jina hewani. Anatajwa kwa namba ya jezi. Na neno "wetu" limepigwa marufuku. Ukisema "wetu", kitufe kinashuka. "Namba haina ukoo," Abdi alisema. "Wacha waongee namba."

Mwanzoni walilalamika. Baada ya muda wakaipenda. Ilibidi mtu aeleze mchezo wenyewe: namba tano anaruka vizuri lakini anageuka kama lori, namba kumi na moja ana mguu mmoja tu. Waliokuwa wakipiga simu kutetea ukoo walikosa la kusema wakaacha. Wale waliobaki walikuwa wanajua mpira, na kati yao hakuna aliyejua kuliko Mzee Galgalo wa Biliqo.

Galgalo alikuwa polisi mstaafu. Aliichezea timu ya polisi ujanani, kisha akarudi kwao kwa ng'ombe wake. Wakati huo Biliqo netiwaki ilipatikana mahali pamoja, juu ya kilima kidogo nje ya makazi, na simu iliyoweza kuidaka vizuri ilikuwa moja, ya Jillo mwenye duka. Kwa hiyo kila Jumamosi mashabiki wa Biliqo walipanda kilimani na redio na ile simu. Galgalo angetoa hoja zake, kisha angempa Jillo simu, na Jillo angezipinga zote moja baada ya nyingine, kisha angemrudishia. Mimi nililipwa kusuluhisha ugomvi wa watu wawili waliokuwa wamekaa juu ya jiwe moja. Wasikilizaji wa mjini hawakujua. Waliamini hao ni maadui wakubwa.

Sasa nifike kwenye msimu ambao ndio hasa mlitaka niuandike, maana naona kila mmoja wenu anausimulia kivyake.

Kaunti yetu ilikuwa na vijana wawili katika timu moja ya Nairobi, wote viungo wa kati. Mmoja ni Guyo, Mborana wa Merti. Mwingine ni Ekai, Mturkana aliyezaliwa na kukulia hapa mjini Isiolo. Magazeti yalisema timu ya taifa inatafuta kiungo mmoja tu. Unaweza kukisia jinsi mji ulivyogawanyika, na jinsi nilivyoshukuru kwa sheria ya namba. Msimu uliotangulia Guyo alivaa namba nane. Msimu ulipoanza upya timu yao ilibadilisha jezi, Guyo akapewa kumi na nane, na nane akapewa Ekai. Mjini kila mtu alijua siku hiyo hiyo. Nilitangaza matokeo kama kawaida, kwa namba.

Biliqo hawakujua. Hawakuwa na njia ya kujua. Mechi za ligi hawakuzitazama, magazeti yalifika yakiwa yamefungia sukari, na redio yao ilikuwa mimi.

Mzee Galgalo akaanza kumtetea namba nane. Sijawahi kusikia mtu akitetewa hivyo. Alichukua kila matokeo niliyosoma, kila pasi ya mwisho, akayapanga yakasimama. "Angalia," alisema, "hii timu ikifungwa, nane alikuwa ametolewa nje. Ikishinda, nane yuko ndani. Sasa kocha anataka nini ingine, aletewe barua kutoka kwa daktari?" Jillo alipinga, akasema nane hakabi. Galgalo akajibu kwamba mtu ambaye mpira unamtafuta hana haja ya kuutafuta. Wiki baada ya wiki. Mashabiki wa kumi na nane wa mjini, ambao wengi wao walikuwa Waborana, walianza kuchanganyikiwa. Mzee wao mwenyewe wa Biliqo anamsifu kijana wa upande mwingine, na hoja zake hazina pa kushika. Baadhi wakaanza kusema, polepole, kwamba labda kweli nane aende.

Niligundua kosa Jumamosi moja, alipopandwa na furaha akasema, "Na mtu ambaye amekunywa maji ya Ewaso Nyiro pale Merti tangu mtoto, huyo ni kijana wet—" Kidole kilikuwa kimeshashuka chenyewe tangu mwanzo wa sentensi, kwa kunusa neno lililokuwa linakuja. Hewani waliisikia sentensi hadi "mtu ambaye". Kwenye vipokea sauti vyangu niliisikia yote. Ekai alikunywa maji ya mfereji wa hapa mjini, siku yalipotoka. Nikaelewa kwamba mzee alikuwa akimlilia Guyo msimu mzima, na mtu aliyekuwa akimsaidia ni Ekai.

Abdi alikuwa ameshastaafu. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamkuta anatengeneza pasi ya umeme ya jirani. Nikamweleza.

"Ameuliza namba nane ni nani?" akasema.

"Hapana."

"Kuna mtu amekuuliza?"

"Hapana."

"Basi wewe unatafuta nini hapa? Shika hii waya."

Nilishika waya. Huo ndio uliokuwa ushauri wake wote, na ni mzuri kwa mtu wa mitambo. Ningeufuata bila shida kama mama yake Ekai asingekuja kituoni.

Alikuja siku ya katikati ya wiki, na mfuko wa mitumba begani, maana huuza nguo za watoto sokoni. Mwanamke mrefu, wa maneno machache. Alikaa kwenye benchi la wageni mpaka nilipomaliza bei za mifugo, ndipo akasimama.

"Habari yako, mama. Mimi ndio mama ya namba nane," akasema, kwa sababu hata yeye alikuwa ameizoea sheria. "Nataka namba ya simu ya huyo mzee wa Biliqo."

Nikamwambia hatutoi namba za wapiga simu. Ni kweli, na mpaka leo msizitoe.

"Nataka tu kusema asante," akasema. "Sitamsumbua."

Nikamwuliza kama hawezi kumshukuru moyoni. Alinitazama kama mtu aliyepewa shati lisilo la kipimo chake. Akaketi tena. Akaniambia kwamba ndugu yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, aliuawa kwenye vurugu za ng'ombe kati ya Waturkana na Waborana huko nyuma. Hajui aliyempiga risasi na hakuja kutafuta hilo. Lakini wao walizika, wakalia, wakarudi sokoni, na majirani Waborana aliokuwa akiuziana nao kila siku hawakusema kitu. "Waliogopa," alisema. "Hata mimi ningeogopa. Lakini hakuna hata mmoja aliniambia pole. Tunauziana tu. Miaka yote hii tunauziana tu." Akakunja mkanda wa mfuko wake. "Sasa kila Jumamosi nafungua redio, namsikia huyu mzee. Ni Mborana, nasikia kwa lugha. Na anapigania mtoto yangu kuliko mimi. Najiambia, kumbe kuna mtu huko."

Nimezungumza na watu kwa kazi maisha yangu yote, na siku hiyo nilimwangalia mama huyu nikaona kwamba nikifungua mdomo nitamwibia kitu. Nikinyamaza, ataibiwa na mtu mwingine, baadaye kidogo. Kikosi kikitangazwa, hutangazwa kwa majina. Mzee angesikia. Na Jumamosi itakayofuata, mtu ambaye mama huyu alimwona kuwa mmoja wa upande ule aliyemjali mtoto wake angesema hewani, kaunti nzima ikisikiliza, kwamba alikuwa amemdhani mtu mwingine.

Nikafanya kile watangazaji hufanya wasipojua la kufanya. Nikampa tarehe. Nilimwambia aje studioni Jumamosi ya baada ya kikosi kutangazwa, amsalimu mzee mwenyewe hewani.

"Na kama hatachaguliwa?" akauliza.

"Bado uje."

Kikosi kilitoka Alhamisi. Ekai alikuwemo, Guyo hakuwemo. Mjini pikipiki zilipiga honi hadi mafuta yakaisha, na upande mwingine wa mji watu walifunga maduka mapema bila kusema kwa nini. Ijumaa nilijaribu simu ya Jillo, nikaambiwa mteja hapatikani. Dereva wa pikapu aliyetoka Merti alinihadithia kwamba Biliqo walichinja mbuzi Alhamisi jioni, baada ya mtu kuwapelekea habari kwamba namba nane amechukuliwa. Majina yaliwafikia Ijumaa asubuhi, mbuzi akiwa ameshaliwa.

Jumamosi mama yake Ekai alikuja na nguo yake ya kanisani. Nilimkalisha mbele ya maikrofoni ya wageni, nikamvalisha vipokea sauti, nikamwonyesha asiguse meza. Nilitaka kumwonya. Nilianza mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kumwuliza kama anasikia vizuri. Niliogopa kuliko siku ya mawe, kwa sababu mawe angalau hupiga paa.

Simu za kwanza zilikuwa za mjini. Mtu wa miraa alinisalimu kwa Kimeru na kupongeza. Mwingine alisema kwa sauti baridi kwamba angependa kumsikia mzee wa Biliqo leo. Wa tatu akasema hivyo hivyo, akacheka kicheko ambacho sikukipenda. Nikaelewa kwamba mji wote ulikuwa umeshang'amua. Kwenye kiti cha wageni, yule mama aligeuza kichwa akanitazama. Hakuna aliyekuwa amesema lolote waziwazi, lakini mtu anayeuza sokoni husikia bei kabla haijatajwa.

Kisha Biliqo ikaita.

"Salaam aleikum," akasema Mzee Galgalo.

Nikaitikia. Akauliza kama kuna amani. Nikamwambia ipo. Akauliza mifugo, nikasema salama, ingawa nina paka tu. Akauliza watoto, mvua, watu wangu. Nilijibu yote nikiwa nimekiegemea kile kitufe. Ningeteremsha sauti yake kwa neno moja baya, na ningesema ni netiwaki.

"Sasa," akasema, "mmesikia mambo yangu. Nimeambiwa hii namba nane si ile nane. Walibadilisha jezi bila kuniuliza." Nyuma yake watu walikuwa wakicheka, na kicheko cha Jillo kilisikika juu ya vyote. "Hawa watu wananicheka tangu jana. Wanasema Galgalo amechunga ng'ombe ya mtu mwingine mwaka mzima. Wanataka leo nipige simu niseme nimetubu, nirudi kwa kumi na nane."

Nikasikia simu ikihamishwa sikio.

"Nikawauliza kitu moja," akasema. "Hiyo ng'ombe, imenona ama haijanona? Hawajanijibu."

Nikaona mkono ukinyooshwa mbele yangu. Mama yake Ekai alikuwa ameivuta maikrofoni kwake, ikagonga meza, mlio ukaenda hewani hadi mwisho wa masafa.

"Baba," akasema. "Mimi ndio mama ya hiyo ng'ombe."

Nilidhani mzee angecheka. Hakucheka, na huko kilimani hawakucheka. Nikasikia mzee akikohoa, kisha akafanya kile ambacho mtu wa kwao hufanya anapokutana na mtu mpya, hata kama kaunti nzima inangoja. Alianza upya kabisa. "Salaam aleikum, mama. Kuna amani huko?"

"Iko, baba. Habari yako."

"Mifugo wako salama?"

"Salama."

"Watoto?"

"Salama. Huyo mmoja amesafiri."

"Tumesikia. Mvua?"

"Kidogo."

"Na watu wako wote wako salama?"

Hapo husemwa salama. Nimesikia swali hilo likiulizwa Jumamosi zote za maisha yangu ya kazi, na sijasikia jibu lingine. Yeye aliishika ile maikrofoni kwa mikono miwili.

"Hapana, baba," akasema. "Mmoja hayuko. Ndugu yangu. Aliuawa na mambo ya ng'ombe."

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Kila sheria ya kipindi ilisema nikishushe. Haya ndiyo maneno ambayo sheria ile ilitungwa kuyazuia, na hewani kulikuwa na watu wa pande zote mbili. Nilikiondoa kidole nikakiweka magotini. Fundi Abdi, kama alikuwa akisikiliza, hajawahi kuniuliza.

Upepo wa Biliqo ulisikika kwenye simu. Mzee hakuuliza ni lini, wala ni nani, wala ng'ombe wa nani.

"Pole, mama," akasema. Kisha akairudia kwa Kiborana, kwa kirefu, maneno yanayosemwa msibani, na nyuma yake sauti za wale waliokuwa wakicheka zikaitikia moja moja, kama watu wanaoingia nyumbani na kutafuta pa kukaa. Jillo aliitikia wa mwisho. Mama alisikiliza yote akiwa amefumba macho. Matangazo ya biashara mawili yalipitwa na wakati wake, na mwenye duka la dawa za mifugo hakudai chochote.

"Asante, baba," akasema hatimaye. "Pole zimefika."

Ilikuwa zamu yangu kusema kitu cha kuaga. Nilikuwa nimekitayarisha. Lakini Mzee Galgalo alikuwa bado ana simu, na mtu akiwa na simu Biliqo haiachi bure.

"Sasa niulize," akasema. "Hiyo kumi na nane. Kama kocha amechukua nane, na hao wawili wanajuana tangu kitambo, wanapeana mpira macho imefungwa, ni kwa nini amewatenganisha?"

Niliangalia saa. Mama yake Ekai alikuwa ameshaisogelea maikrofoni kabla sijampa ruhusa.

"Hapo, baba, tuko pamoja," akasema. "Huyo kocha hajui mpira."